Wiki mbili za chipsi zinaifanyia nini kinga yako?

Hebu hesabu ulichokula tangu Jumatatu. Usidanganye, hakuna mtu anaangalia. Asubuhi ni chai na mandazi mawili, ama mkate mweupe. Saa saba ni smokie pasua pale stage. Jioni umefika kwa keja umechoka, jam imekumaliza, gesi iko karibu kuisha, kwa hivyo ni chipsi na soda, ama ile pakiti ya tambi inayoiva kabla hujamaliza kuvua viatu. Wikendi mabeshte wakakuja, mkachanga, pizza ikaletwa na boda. Sasa niambie: maharagwe uliyaona lini mara ya mwisho?

Siko hapa kukusuta. Ukiishi bedsita yenye meko moja na kazi inayokutoa nyumbani saa kumi na moja alfajiri, chakula cha haraka ndicho kinachokubeba. Lakini kuna utafiti uliofanyika Moshi, hapo tu ng'ambo ya mpaka, unaokuhusu wewe moja kwa moja, maana walioshiriki walikuwa watu wa kawaida wenye afya njema. Kilichobadilishwa ni sahani.

Watafiti wa KCMC mjini Moshi wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, waliwachukua wanaume 77 wa kaskazini mwa Tanzania, baadhi wa mjini na baadhi wa vijijini. Wale wa kijijini, waliozoea ndizi za kupika, maharagwe, mboga za majani na nafaka ambazo hazijakobolewa, waliwekwa kwa wiki mbili kwenye chakula cha kisasa: pizza, kuku wa kukaanga, chipsi. Wa mjini nao wakarudishwa kwenye chakula cha nyumbani kwa muda huohuo. Kundi la tatu, la mjini pia, lilipewa mbege kwa wiki moja. Mbege ni kile kinywaji cha Wachagga kinachochachushwa kwa ndizi na ulezi (kwetu tunauita wimbi). Watu kumi wakaachwa waendelee kula walivyozoea, ili wawe kipimo cha kulinganisha.

Matokeo yalitoka mwaka wa 2025 katika jarida la Nature Medicine. Wale wa kijijini waliohamia chipsi, protini zinazoashiria mwako wa ndani zilipanda kwenye damu yao. Si hilo tu. Chembe zao za kinga zilipokutanishwa na vijidudu kwenye maabara, zilijibu kwa ulegevu kuliko awali. Waliorudi kwenye chakula cha nyumbani, pamoja na wanywaji wa mbege, wakaenda upande wa pili: mwako ukashuka. Na wiki nne baada ya zoezi kwisha, baadhi ya mabadiliko hayo yalikuwa bado yanaonekana.

Wiki mbili, msee. Huo ndio muda ambao wengi wetu hula vibanda vya stendi bila hata kugundua.

Kabla tuendelee, tuelewane kuhusu huo mwako. Ukijikata kidole, kinavimba, kinakuwa chekundu, kinachoma. Hiyo ni kinga yako iko kazini na ni kitu kizuri. Shida huja pale moto huo unapowaka kidogokidogo mwilini mwote, miezi na miaka, bila jeraha lolote. Husikii chochote. Lakini mwako wa aina hiyo huandamana na kisukari, ugonjwa wa moyo na kadhalika, yale maradhi tuliyokuwa tukisema ni ya wazee wenye pesa. Jambo la ajabu ni kwamba kinga inayowaka ovyo haimaanishi kinga yenye nguvu. Hao wanaume wa Moshi walipata yote mawili kwa pamoja: moto zaidi pasipo adui, na uvivu adui alipotokea.

Utafiti wenyewe una mipaka yake, na ni vizuri uijue kabla hujaanza kuusambaza kwa group ya familia. Ulihusu wanaume pekee, hawakuwa wengi, na muda ulikuwa mfupi. Tena ukimtoa mtu kwenye ndizi na maharagwe ukampa kuku wa kukaanga, umebadilisha vitu vingi kwa mpigo: mafuta, chumvi, sukari, kila kitu. Huwezi kusema ni kimoja tu kilichofanya kazi yote. Ila kuna kimoja ambacho wanasayansi wamekifuatilia kwa miaka hadi wanajua kinavyofanya kazi hatua kwa hatua. Ni nyuzinyuzi, zile sehemu za mimea ambazo tumbo lako haliwezi kuzisaga.

Ukila wali, vimeng'enya vyako hukatakata wanga na kuugeuza sukari, kisha utumbo mwembamba unaifyonza. Nyuzinyuzi zinapita hapo kama gari la rais, hakuna anayezigusa. Sababu ni kwamba mwili wa binadamu umejaliwa vimeng'enya vichache mno vya kuvunja wanga na sukari za mimea, takriban 17 tu. Sasa linganisha na bakteria mmoja anayeishi tumboni mwako, jina lake refu ni Bacteroides thetaiotaomicron. Huyo peke yake ana zaidi ya 260. Na hayuko peke yake: makadirio ya mwaka wa 2016 yalisema mtu mzima hubeba bakteria kama trilioni 38, wengi wao wakiwa kwenye utumbo mpana. Hao ndio wanaokaa mwisho wa barabara wakingoja kile ambacho wewe umeshindwa kusaga.

Zinapowafikia, wanazichachusha, vile tu wimbi linavyochachuka kwenye pipa. Katika kuchachusha huko wanatoa asidi fupi za mafuta, na tatu ndizo kuu: asiteti, propioneti na butireti. Ya kushika kichwani ni butireti. Seli zinazotandaza ukuta wa utumbo mpana huitegemea kama mafuta ya kuendeshea kazi zao, na zikishiba ukuta unabaki imara. Ukuta huo una safu moja tu ya seli. Upande mmoja kuna matrilioni ya bakteria, upande wa pili kuna damu yako na sehemu kubwa ya chembe za kinga za mwili mzima, zimekaa macho zikilinda. Kwa hivyo kinachoendelea chooni na kinachoendelea kwenye kinga yako ni majirani wanaogawana ukuta mmoja.

Mwaka wa 2013 makundi kadhaa ya watafiti yalionyesha, kwa panya, kwamba asidi hizo husaidia kuzalisha aina fulani ya chembe za kinga ambazo kazi yao ni kutuliza wenzao. Zifikirie kama yule jamaa wa mtaa anayetokea ugomvi ukianza na kusema, "Wazee, poeni, huyu ni wetu." Bila watulizaji, kinga inaweza kupigana na chakula, na bakteria wema, hata na mwili wenyewe.

Na je, ukiwanyima hao bakteria chakula? Wengine hufa njaa, na wengine hubadilisha menyu. Juu ya ule ukuta kuna utando wa ute unaouzuia usiguswe ovyo, na ute huo umejaa sukari ambazo bakteria wanaweza kuzila. Katika jaribio lililochapishwa mwaka wa 2016, panya walionyimwa nyuzinyuzi waliishia na bakteria wanaotafuna ute. Utando ukawa mwembamba, na kijidudu cha maradhi kilipoletwa kilipata njia rahisi ya kuingia. Panya si watu, sawa. Lakini inakufanya ufikirie upya kuhusu mkate mweupe na soda siku tano mfululizo.

Kwa watu kuna jaribio moja linaloendana kabisa na lile la Moshi. Mwaka wa 2015, kundi lililoongozwa na Stephen O'Keefe wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, liliwachukua Wamarekani weusi 20 wa jiji hilo na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini, kisha likawabadilishana vyakula kwa wiki mbili. Wamarekani walipanda kutoka gramu 14 za nyuzinyuzi kwa siku hadi 55. Wa Afrika Kusini walishuka kutoka gramu 66 hadi 12, huku mafuta na nyama vikiongezeka. Butireti iliongezeka mara mbili na nusu kwa Wamarekani, na ikapungua kwa nusu kwa wenzao. Dalili za mwako kwenye utumbo mpana zikafuata mkondo huohuo. Hapo pia, wiki mbili tu.

Utasikia neno pribayotiki likitajwa, na watu wengi hulichanganya na probayotiki. Tofauti ni rahisi. Probayotiki ni bakteria wenyewe wakiwa hai, kama wale wa kwenye yogati. Pribayotiki ni chakula cha bakteria waliokwisha kuwa tumboni. Neno hilo lilianzishwa mwaka wa 1995 na wanasayansi Glenn Gibson na Marcel Roberfroid, na si kila nyuzinyuzi hupewa jina hilo. Ni zile ambazo bakteria wenye manufaa huzichagua na kuzitumia. Inulini, inayopatikana kwenye kitunguu maji na kitunguu saumu, ndiyo maarufu zaidi.

Ila pribayotiki ya kwanza maishani mwako hukuinunua. Maziwa ya mama yana sukari maalum ambazo mtoto mchanga hawezi kuzisaga hata kidogo, na ni kitu cha tatu kwa wingi katika maziwa hayo ukiondoa maji. Kwa nini mama atumie nguvu zake kutengeneza kitu ambacho mtoto hatakitumia? Kwa sababu si cha mtoto. Ni cha bakteria aina ya bifido, ambao hukaa tumboni mwa mtoto na kuwazuia wabaya wasipate nafasi.

Na hapa Kenya kuna ushahidi mzuri wa jambo hilo, kutoka Msambweni, Kaunti ya Kwale. Watoto wengi huko hukosa madini ya chuma, kwa hivyo hupewa unga wa virutubishi wa kunyunyizia kwenye uji. Shida ni kwamba chuma inayobaki bila kufyonzwa huwanenepesha bakteria wabaya pia. Watafiti wa Uswisi na Kenya wakawafuatilia watoto wachanga 155 kwa miezi minne. Waliopewa chuma bila kitu kingine, bifido wao walipungua na vijidudu vya maradhi vikaongezeka. Waliopewa chuma ileile pamoja na gramu 7.5 za pribayotiki kila siku walikingwa na madhara mengi ya aina hiyo. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2017. Ni kitu kidogo, kijiko cha unga kwenye uji, lakini kwa mtoto wa miezi saba ambaye damu yake ni chache hiyo ni tofauti kubwa.

Tena ujue habari ya nyuzinyuzi kwa kiasi kikubwa ilianzia huku kwetu. Daktari Mwingereza Hugh Trowell alifika Kenya mwaka wa 1929 na akafanya kazi Kenya na Uganda kwa takriban miaka 30. Mwenzake Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alikuwa Hospitali ya Mulago, Kampala. Wote wawili waliona kwamba maradhi yaliyojaza hospitali za kwao, kama vile kansa ya utumbo mpana, kisukari na hata kufunga choo, yalikuwa nadra kwa wagonjwa wa vijijini waliowatibu. Burkitt alienda mbali hadi kupima uzito wa kinyesi, na watu wa kijijini Uganda wakawapiku Waingereza vibaya. Mwaka wa 1979 alichapisha kitabu cha kuwahimiza Wazungu wale nyuzinyuzi, kikauzwa sana. Yaani walikuja, wakaona githeri na matoke, wakaenda kuwaambia watu wao. Nasi tukaanza kula mkate wao.

Hao madaktari walidhani nyuzinyuzi ni kama ufagio, zinasukuma tu uchafu nje. Mambo ya bakteria na kinga yalikuja kueleweka baadaye.

Sasa, usikimbilie duka la dawa. Kuna vidonge na unga wa pribayotiki vinavyouzwa mtandaoni kwa bei ya kukutoa machozi, mara nyingi na mtu aliyesimama mbele ya kioo cha gym. Unga wa inulini si uongo, unafanya kazi. Lakini ni aina moja ya nyuzinyuzi, na bakteria wako ni wa aina mamia, kila mmoja na anachopenda. Sahani ya githeri yenye kitunguu, karoti na managu pembeni inalisha wengi zaidi kwa pesa ambazo hazifiki hata nusu ya kifuniko cha chupa ile.

Pia usitarajie miujiza. Chuo Kikuu cha Stanford kiliwafuatilia watu wazima 36 kwa wiki kumi: nusu wakaongeza nyuzinyuzi, nusu wakaongeza vyakula vilivyochachushwa kama yogati. Waliokula vya kuchachushwa walipata aina nyingi zaidi za bakteria, na protini 19 za mwako zikapungua. Kundi la nyuzinyuzi halikuonyesha ongezeko hilo la aina za bakteria ndani ya muda huo, na kinga zao hazikujibu kwa namna moja. Maelezo mojawapo ni kwamba ukishaishi miaka mingi bila kuwalisha, wale bakteria wa kula nyuzinyuzi wenyewe wamepungua. Kwangu mimi hiyo ni sababu ya kuchanganya vyote viwili: maharagwe pamoja na maziwa lala, mursik, au uji wa kuchachusha. Mbege ya Moshi, ukiiangalia vizuri, ni vyote viwili ndani ya kikombe kimoja, ingawa ina pombe na sikutumi kuitafuta.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kila siku. Kipande cha mkate mweupe hakifiki hata gramu moja. Kikombe cha maharagwe yaliyoiva kinakupa kama 11 hadi 13, na ndengu zaidi kidogo ya hapo. Nusu ya avokado kubwa ni kama sita. Kwa hivyo ukienda kibandaski ukaitisha madondo na avokado pembeni, umefika zaidi ya nusu ya safari kabla hata ya kugusa mboga. Chapati yenyewe ni ya unga mweupe, haikuongezei sana, lakini hakuna mtu anakwambia uache chapo. Mimi siwezi.

Unga wa ugali ndio wa kuangalia. Ule mweupe laini wa pakiti umeondolewa pumba, na humo kwenye pumba ndimo nyuzinyuzi nyingi zilimo. Unga wa posho mill, au uliochanganywa na wimbi na mtama, una zaidi. Hakikisha tu mahindi ni makavu na hayana ukungu, kwa sababu sumu ya aflatoksini haiondoki kwa kupika. Kuhusu muthokoi, samahani watu wa Ukambani, ni tamu lakini maganda yameenda. Shukuru kwamba maharagwe yamebaki.

Kisha kuna ujanja wa viporo. Viazi, nduma, ndizi na wali vikipikwa halafu vikapoa, sehemu ya wanga wake hujipanga upya na kuwa sugu. Tumbo linashindwa kuusaga, unafika mpaka kwa bakteria. Nduma baridi na chai asubuhi, ile nyanya yako amekuwa akikulazimisha kula, ni pribayotiki tosha. Ndizi mbichi za kupika zina wanga huo pia. Onyo liko kwa wali: usiuache kwenye sufuria usiku kucha, kuna bakteria wanaoota humo na sumu yao haiuliwi na kupasha moto. Kama huna friji, pika wa kumaliza.

Najua kinachokuzuia. Kama ulisoma boarding, githeri kwako ni kumbukumbu ya wadudu wakielea na kengele ya prepo. Na kuchemsha maharagwe saa tatu kwa gesi ya jiji ni wazimu. Ndiyo maana mama mboga wengi mtaani siku hizi huuza githeri na maharagwe yaliyochemshwa tayari, ya kupima kwa kikombe. Unakaanga tu na kitunguu na nyanya, dakika kumi, na bei yake ni chini ya sahani ya chipsi.

Halafu gesi ile nyingine, ya tumboni. Hiyo ni dalili kwamba bakteria wako kazini, ila ukitoka gramu nane hadi thelathini kwa siku moja utajuta, na mathree yote itajuta nawe. Anza na nusu kikombe cha maharagwe siku chache za wiki, loweka usiku na umwage maji yale, kunywa maji ya kutosha, ongeza polepole kwa wiki tatu au nne. Wengi huona tumbo limetulia baada ya hapo. Likikataa, ama ukiona damu kwenye choo, ama uzito unashuka bila sababu, hayo si maharagwe. Nenda hospitali ukapimwe.